Mwambie Mnunuzi Unachokijua

Mazungumzo ya afisa ugani na wafugaji waliokusanyika joshoni, siku moja kabla ya mnada

Najua mnataka kuogesha ng'ombe kabla jua halijawa kali, kwa hiyo sitawachelewesha sana. Kesho ni mnada, na wengi wenu mna mnyama wa kupeleka. Leo siongei habari ya kupe. Naongea habari ya kinywa: unachosema, na usichosema, ukiwa umemshika ng'ombe wako mbele ya mnunuzi.

Nianze na kosa la kwetu nyumbani. Nilipokuwa kijana, kabla sijaenda chuo cha mifugo, baba alinituma mnadani na mbuguma mwekundu, mzuri wa umbo, kiwele kimekaa vizuri. Yule ng'ombe alikuwa ametupa mimba mara mbili mfululizo, tena mimba kubwa. Baba hakuniambia niseme uongo. Aliniambia tu, "Usipoulizwa, nyamaza." Akaja mama mmoja mjane, anatafuta ng'ombe wa kumzalia na kumkamua. Akaniuliza, "Amezaa mara ngapi?" Nikajibu, mara mbili. Ilikuwa kweli: alizaa mara mbili kabla hajaanza kutupa. Mama akamwangalia meno, akashika kiwele, akalipa. Nilirudi nyumbani nahesabu noti na kujiona hodari.

Mwaka uliofuata mitamba wawili wa yule mama walitupa mimba. Kisha mwanawe, aliyekuwa akichunga, akashikwa na homa isiyokwisha, jasho la usiku, viungo vinamuuma. Wakampa dawa za malaria mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe damu yake ikapimwa, ikaonekana ni brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, ambao mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kwa kushika kijusi na kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Siwezi kuapa kwamba ni ng'ombe wetu aliyeupeleka pale. Lakini kila nilipomwona yule mama mnadani nilikuwa nabadilisha njia.

Nimewasimulia haya kwa sababu wengi wetu tunafikiri udanganyifu ni kusema uongo tu. Kwenye mifugo, kunyamaza kunatosha. Ukimuuzia mtu jembe bovu, hasara ni ya jembe. Ukimuuzia ng'ombe mgonjwa, umeingia na ugonjwa ndani ya zizi lake. Homa ya mapafu, kwa mfano, inaweza kukaa ndani ya ng'ombe anayeonekana mzima, anakula, anatembea, kumbe anaambukiza wenzake kila wanapolala karibu. Mnunuzi hawezi kuyaona hayo kwa macho. Wewe uliyeishi naye ndiye unayejua alikohoa lini.

Sasa, mzee mmoja aliniuliza hapahapa joshoni, "Kijana, nikitaja kila kasoro, nani atanunua?" Swali la haki, na nisilijibu kwa mkato.

Ng'ombe mwenye kasoro ana mnunuzi wake, ila si kila mnunuzi. Aliyetupa mimba asiende kwa mfugaji mwenzako anayetafuta wa kuzalisha. Mwambie afisa mifugo kwanza, apimwe ikiwezekana, kisha auzwe kwa mchinjaji, na mchinjaji naye aambiwe ili avae glavu na asishike mfuko wa uzazi kwa mikono mitupu. Bei itashuka, sikatai. Lakini angalieni jinsi bei ya mnada inavyokatwa. Mnunuzi aliyewahi kuuziwa mtamba "mwenye mimba" ambaye hakuwa na mimba, akija kesho hamwamini yeyote. Anapunguza bei kwa kila ng'ombe, na wako mzima akiwemo. Vivyo hivyo kwa wale wanaomlisha ng'ombe chumvi na kumnywesha hadi tumbo linataka kupasuka kabla ya kupanda mizani. Ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa lita 30, na kila lita ya maji ni kilo moja. Wanunuzi wanaujua mchezo huo siku nyingi. Wanakata kilo za maji hata kwa mnyama ambaye hakunyweshwa. Kwa hiyo yule jirani mjanja amekula pesa yako, si ya mnunuzi peke yake.

Kuna jambo la sindano, na hili naomba vijana mlisikilize kwa makini, maana ninyi ndio mnaochoma. Ng'ombe akiugua siku tatu kabla ya mnada, mtu anamchoma oksitetrasaiklini, mnyama anapata nafuu, anauzwa, anachinjwa. Ile dawa bado imo ndani ya nyama. Kwenye chupa imeandikwa muda wa kusubiri. Kwa ile ya asilimia 20 inayokaa mwilini muda mrefu, mara nyingi ni kama siku 28 kwa nyama na siku 7 kwa maziwa, lakini chupa hazifanani, kwa hiyo soma ya kwako au mpe mtoto anayesoma shule akusomee. Watu wakila dawa kidogo kidogo namna hiyo, vimelea vinaizoea, na siku mtoto wako akiugua dawa haifanyi kazi. Andika tarehe ya sindano. Kama huna daftari, chora alama ya mkaa kwenye nguzo ya zizi. Mnunuzi akiuliza, umwonyeshe. Asipouliza, mwambie.

Mama zangu, nanyi mnaouza maziwa. Laktomita mnaijua, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Maziwa mazima ya ng'ombe husoma kati ya 26 na 32. Ukitia maji, inazama, inasoma chini ya hapo. Mnaona aibu ya kurudishiwa ndoo mbele za watu, lakini hiyo ndiyo hasara ndogo. Maji ya lambo yana uchafu, na anayekunywa maziwa hayo mjini ni mtoto mdogo. Na maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano laktomita haiyaoni kabisa. Yanamwagwa kwenye tangi moja na ya wenzako ishirini, kisha mtindi unakataa kuganda, kwa sababu dawa imeua vijidudu vya kugandisha. Tangi zima linapotea kwa sababu ya kidumu kimoja. Najua ugumu wake: hayo ndiyo maziwa ya kununulia unga, na ng'ombe wa maziwa ni mmoja. Ndiyo maana nasema mumchome pale inapobidi tu, na afisa mifugo akiwa amemwona.

Nimewasema ninyi sana. Haki ina pande mbili, na mnunuzi naye ana yake.

Mnada ukiwa na mizani, una haki ya kuiona inasoma sifuri kabla mnyama wako hajapanda, na kuona alama ya ukaguzi ya Wakala wa Vipimo. Usione haya kuomba. Kuna dalali anayekuchelewesha hadi jioni akijua umetoka mbali na hutarudi na mnyama. Kuna wanaokubaliana pembeni bei moja, kisha wanakuja mmoja mmoja kama hawajuani. Dawa ya hayo ni kwenda kikundi, na kujua uzito wa mnyama wako kabla hujatoka nyumbani.

Kuujua uzito si lazima uwe na mizani. Chukua utepe wa fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, upate sentimita. Kisha pima urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Dume mwenye mzunguko wa 150 na urefu wa 130 anakuja karibu kilo 270. Ni makadirio, si mizani, na simu yoyote ina kikokotoo. Lakini dalali akikwambia kilo 230, unajua amekuibia kilo 40. Kama kilo ni shilingi 5,000, tuseme, hizo ni 200,000. Ada ya nani hiyo shuleni?

Na kabla hujatoka, kibali cha kusafirisha mkononi, hereni sikioni. Mnyama asiye na karatasi huuzwa kwa bei ya wizi hata kama ni wako wa halali.

Nimefunga dume pale kwenye kibanio. Twendeni. Kila mmoja amwangalie kwanza kwa macho, aandike kilo zake ardhini kwa fimbo, wazee mtangulie. Wewe kijana, lete utepe.