Uliza Kwanza



Katika Marko sura ya 9, baba mmoja alimleta mwanawe kwa Yesu. Kijana akaanguka chini, akagaagaa. Kabla ya kumponya, Yesu alimwuliza baba yake mambo hayo yamempata tangu lini.

Sisi wa Kapsokwony, wengi wetu hatukuuliza. Mapigano ya ardhi ya Mlima Elgon, ya 2006 hadi 2008, yalipokwisha, watoto walirudi darasani. Huyu alipigana, yule alinyamaza kutwa, mwingine alishtuka mlango ulipogongwa. Tukawaita wakaidi, tukashika fimbo, ingawa serikali ilikuwa imeipiga marufuku shuleni tangu 2001.

Kumbe wako wanaouliza. Mwaka 1997 mtafiti Robert Goodman wa Uingereza alitoa maswali 25 ambayo mzazi au mwalimu hujibu juu ya mtoto: hofu na huzuni zake, ukaidi, kutotulia, shida zake na wenzake. Lakini maswali 5 yanatafuta wema wake: je, hugawana vitu na wenzake? Humsaidia aliyeumia? Ndugu, ni lini tuliuliza hayo juu ya mtoto tuliyemwita mtundu?

Watoto wale sasa ni watu wazima. Baadhi yao nao ni wazazi. Leo jioni, kabla ya kumkaripia mtoto, tuketi naye, tumwulize, tumsikilize.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe fimbo zetu za haraka, utupe masikio ya kusikia. Amina.