Lawalawa na Chupa ya Fomalini: Uvimbe Adimu wa Uke wa Nje

Vijijini mkoani Singida, Tanzania, kuna ugonjwa ambao jina lake hutangulia kipimo: lawalawa. Mtoto wa kike akilia anapokojoa, akijikuna au akiwa na wekundu sehemu za siri, bibi au jirani hulitaja jina hilo, na tiba hutajwa hapohapo: ukeketaji. Kitabibu, dalili hizo mara nyingi ni za fangasi au maambukizi ya njia ya mkojo, na hutibika kwa dawa na usafi. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa 2015–16 ulikuta takriban asilimia 31 ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa.

Mhadhara huu unaanzia hapo kwa sababu mazoea hayo ya kutaja jina kabla ya kutazama humfuata mwanamke mpaka uzeeni.

Kwanza kuna uvimbe unaozaliwa na wembe wenyewe wa ukeketaji. Ngozi ikifukiwa ndani ya kovu huendelea kumwaga seli zake, zikajikusanya kwenye kifuko kinachokua polepole kwa miaka. Si saratani; daktari hukitoa kizima kwa upasuaji. Lakini mwenye nacho amekwisha kukificha chini ya kanga muda mrefu, na hilo linauma kulisema.

Saratani ya uke wa nje ni adimu, na nyingi hutoka kwenye seli bapa za ngozi. Ina njia mbili. Moja ni virusi vya HPV, na huwapata zaidi wanawake wasio wazee sana, hasa wanaoishi na VVU. Ya pili ni ugonjwa wa ngozi unaoifanya iwe nyeupe, nyembamba, iliyokunjamana kama karatasi, ukiwasha miaka na miaka kwa akina mama waliokoma hedhi.

Adimu zaidi ni zile zinazojifanya kitu kingine. Tezi za Bartholin, zilizopewa jina la Caspar Bartholin wa Denmark aliyezieleza mwaka 1677, zikivimba kwa binti kwa kawaida huwa ni kifuko cha majimaji au jipu tu. Kwa mama aliyevuka miaka 40, uvimbe mpya mahali hapo haufai kupasuliwa usaha ukatoka na mambo yakaishia hapo. Ugonjwa wa Paget hufanana na ukurutu, nao hupakwa dawa ya fangasi mwezi baada ya mwezi. Melanoma huja kama doa jeusi, ingawa nyingine hazina weusi wowote. Kwa mwenye VVU, bonge la zambarau huenda likawa saratani ya Kaposi.

Jicho la daktari, hata mzoefu, halitoshi kuzitenganisha. Kinachotosha ni ganzi kidogo, kipande cha nyama cha milimita 4, chupa ya fomalini na mtaalamu wa patholojia upande wa pili. Majibu huamua ukubwa wa kisu. Uvimbe wa saratani usiozidi sentimita 2, uliozama si zaidi ya milimita 1, huondolewa peke yake na tezi za kinena zikaachwa. Zamani mashavu yote ya uke yaliondolewa pamoja na tezi hizo kwa mkato mmoja mkubwa, na vidonda vilikawia kupona. Siku hizi hukatwa kinachohitajika.

Saratani ikishasambaa, mara nyingi mionzi huhitajika, na kwa miaka mingi hiyo ilimaanisha safari ya takriban kilomita 700 kutoka Singida hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Mwaka 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 walianza kuchanjwa dozi moja dhidi ya HPV. Chanjo hiyo haimfikii bibi wa wilaya ya Mkalama, Singida, anayewashwa tangu hedhi ikome. Yeye anahitaji muuguzi wa zahanati afunge mlango, amwite mama kwa heshima, aombe ruhusa, kisha awashe taa atazame.