Waya wa Meno Ukikatika Voi, Daktari Akiwa Mombasa



Chukueni mfano huu. Ni Ijumaa jioni. Mwanafunzi wa sekondari ameuma hindi la kuchoma alilonunua steji ya Voi, na kidude kimoja cha chuma kimebanduka kwenye jino. Waya umechomoza, unamkwaruza shavu, na damu kidogo inatoka. Daktari aliyemfunga vyuma hivyo, breisi kama vijana wanavyoviita, yuko Mombasa, karibu kilomita 160. Mama anapiga hesabu ya nauli. Baba anatafuta koleo.

Wote wawili wana haraka isiyohitajika. Kidude kilichobanduka hakidai safari ya usiku. Kama bado kimeshikwa na waya, kiacheni hapo hapo. Kikitoka kabisa, kifungwe kwenye karatasi safi na kihifadhiwe. Asubuhi kliniki ipigiwe simu, na picha ya mdomo ikitumwa kwa WhatsApp daktari ataweza kusema kama mtoto aje mara moja au angoje siku yake. Kungoja siku chache ni sawa. Kungoja mpaka muhula ufungwe si sawa, kwa maana meno huanza kurudi yalikotoka na matibabu yakarefuka.

Waya unaochoma usukumwe polepole kwa kifutio kilicho nyuma ya penseli, kikiwa safi, mpaka ulale kwenye jino. Kisha chuma kikaushwe kwa kitambaa, na nta ya kliniki ya ukubwa wa punje ya mbaazi ibandikwe juu yake. Nta ikikosekana, chingamu isiyo na sukari iliyotafunwa itashika kwa muda. Kidonda kisukutuliwe kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi moja, kisha yatemwe.

Koleo likae kwenye sanduku la vifaa. Likivuta waya, linaweza kubandua vidude vingine, kuvunja jino, au kuangusha kipande cha chuma kooni. Ikiwa waya ni mwembamba, unachoma vibaya, na hakuna njia ya kumfikia daktari, mtu mzima anaweza kukata ncha kwa kikata kucha kilichosafishwa kwa spiriti. Mtoto aketi wima, ameinama mbele kidogo, na kitambaa safi kiwekwe mdomoni kudaka kipande.

Yapo mambo yasiyongoja hata dakika. Kipande kikipotea na mtoto akaanza kukohoa au kupumua kwa shida, ni hospitali moja kwa moja. Hata asipokohoa, kipande chenye ncha kilichomezwa kinahitaji kuangaliwa. Vivyo hivyo uso uliovimba pamoja na homa, na damu isiyokoma.

Na jino kung'oka. Hapa ndipo watu hukaa nyumbani wakidhani mambo yamekwisha, kumbe hii ndiyo dharura yenyewe. Mtoto amepigwa na mpira uwanjani au ameanguka kutoka bodaboda, na jino la ukubwani limetoka zima na mzizi wake. Lishikwe upande mweupe unaoonekana mdomoni, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa na mchanga, lisuuzwe kwa maziwa au maji safi kwa sekunde chache tu, lirudishwe kwenye shimo lake, na mtoto aume kitambaa. Ikishindikana, litiwe ndani ya maziwa baridi. Pakiti ya duka lolote inatosha. Lisikaushwe kwenye karatasi wala kulowekwa majini. Likining'inia kwenye waya, msiukate. Meno ya utotoni hayarudishwi.

Nafasi ya kuliokoa ni kubwa katika dakika 30 za kwanza, na baada ya saa moja hupungua sana. Mombasa haifikiki kwa muda huo. Mkazi wa Voi aende Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi. Wa Wundanyi, Wesu. Wa Mwatate, hospitali ya Mwatate. Wa Taveta yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi, kwa hivyo aanzie hospitali ya hapo Taveta. Daktari wa vyuma atapigiwa simu baadaye.

Kuhusu chakula, miwa, karanga na mahindi ya kuchoma ndivyo vinavyobandua vyuma vingi. Mdomo ukiuma, kimanga kilichopondwa vizuri kinateremka bila taabu, na bibi yeyote wa Dawida atafurahi kuombwa.

Matroni wa bweni aweke pamoja nta, chumvi, penseli mpya na kikata kucha. Namba ya daktari wa kila mwanafunzi mwenye vyuma iandikwe kwenye daftari lake siku ya kufungua shule, kwa sababu saa tatu usiku mzazi huenda asipatikane.