Ugonjwa wa Unga: Maneno kwa Jamaa za Wagonjwa



Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza dawa mpya ya kikohozi, iliyotengenezwa kutokana na kasumba. Jina lake heroini. Ndiyo ambayo leo huko Mombasa, Malindi na Lamu huitwa unga.

Watu wengi hudhani kwamba mtumiaji wa unga ni mvivu asiyetaka kuacha. Sivyo. Unga ukitumiwa kila siku, ubongo huuzoea hata usiweze kutulia bila ya huo. Mtu aukosapo kwa saa 8 au 12 hivi hushikwa na ile iitwayo arosto: machozi na kamasi humtoka, hupiga miayo, hutoka jasho na huku akitetemeka kwa baridi, tumbo humsokota, hutapika na kuhara, na mifupa humwuma usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Basi kijana aibaye sufuria ya mama yake hatafuti raha. Raha ilikwisha zamani. Atafuta nafuu.

Baada ya juma moja hivi arosto hupungua, na hapo ndipo jamaa wengi hukosea. Humwona kijana ametoka gerezani, au amerudi kutoka shamba alikopelekwa na wazee, amenenepa kidogo, nao hushukuru kwamba amepona. Lakini tamaa ingalipo, na mwili umekwisha poteza mazoea yake. Akikutana na rafiki zake na kutwaa kipimo kile kile cha zamani, kipimo hicho sasa chaweza kumwua. Pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha pini. Mtu huyo asiachwe alale ati ulevi umtoke. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali, na waliokuwa naye waseme kweli alichotumia, kwa maana iko dawa, naloksoni, iwezayo kumrudishia pumzi.

Wajidungao kwa sindano moja huambukizana Ukimwi na homa ya ini. Hilo limekwisha semwa mara nyingi.

Tangu mwisho wa mwaka 2014 hospitali ya Mathari, Nairobi, na tangu 2015 hospitali ya Malindi, hutoa methadoni. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu. Huzuia arosto siku nzima, na ikitolewa kwa kipimo chake haimlevyi. Wako wasemao kwamba huko ni kubadili ulevi kwa ulevi. Hao hawajamwona seremala aliyerudi kwenye randa yake.

Taabu iliyobaki ni safari. Dawa hii hutaka mtu afike kila siku, hata siku ya mvua. Mgonjwa akaaye mbali huhitaji nauli, na mtu wa kumwamsha mapema. Na mara nyingi mtu huyo ni yule mama aliyeibiwa sufuria.