Kuchunga Mzigo wa Mota za Pampu za Maji

(Mazungumzo na wasimamizi wa vituo vya pampu, Unguja)



Unguja ilipokosa umeme mwezi Mei 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kila nyumba ilitambua kuwa maji ya visima vyetu hupanda kwa nguvu ya mota. Leo nazungumzia maji yanayokatika hali umeme upo.

Mzigo kuzidi mnaujua. Mchanga umeingia katika pampu au beringi imekwama. Mota huvuta umeme mwingi, huchemka, na waya zake huungua. Rilei ya joto imewekwa kwa ajili hiyo. Kisichochungwa ni mzigo kupungua. Kisima kikikauka, au kapulingi ikikatika, mota huzunguka kwa wepesi na rilei haioni kosa lolote. Nilipata kuitwa katika kituo kimoja ambako mlinzi alishikilia kuwa mashine ni nzima, kwani aliisikia ikivuma usiku kucha. Ilivuma kweli, ila halikutoka tone. Pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yayo hayo. Yakikosekana, beringi na sili zake hazidumu.

Hapa kidhibiti mwendo, ambacho mafundi hukiita draivu, kina manufaa mbali na yale ya kuokoa umeme. Kifaa hiki hukadiria wakati wote nguvu ya msokoto inayotolewa na mota, nasi hukiwekea mpaka wa juu na mpaka wa chini. Kutazama ampea peke yake hakutoshi. Mota isiyo na mzigo bado huvuta ampea za kujitengenezea usumaku, na mara nyingi hufikia thuluthi ya kiwango chake au zaidi. Asiyejua hudhani kazi inafanyika.

Mpaka wa chini nao usiwe namba moja kwa kila mwendo. Kwa pampu isiyopandisha maji kimo kikubwa, mwendo ukishushwa kutoka hezi 50 hadi 40, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu nusu. Mpaka uliowekwa kwa hezi 50 utaizima pampu isiyo na kosa. Uliolegezwa kwa hezi 40 hautaona kisima kilichokauka pampu ikienda mbio. Kwa hiyo mpaka hupangwa kwa nukta kadhaa zifuatazo mwendo. Visima vyetu vina vina mbalimbali, hivyo nukta hizo zipimwe katika kila kituo siku pampu inapofungwa, maji yakitoka vizuri. Kunakili namba za kituo jirani ni uvivu, na nimeuona mara nyingi.

Kiwekwe pia kipindi cha kusubiri, ili pampu isizimwe mabomba yanapoanza kujaa. Ikizimika kwa ukame, isiwashwe papo hapo. Kisima kipewe nafasi ya kujaa tena.

La mwisho ni ombi kwa wasimamizi. Pampu ikizimika mara kwa mara, wapo wanaofuta ulinzi huo ili wananchi wasilalamike. Msiufute. Andikeni katika daftari la kituo saa, mwendo na msokoto ulioonyeshwa, kisha mwiteni fundi akapime kina cha maji kisimani.