KWA NINI WAZEE WA MAREKANI HUVIACHIA MALI VYAMA VYA SAYANSI



Sisi wa Kamati ya Elimu tumepewa dakika kumi, na Mama Mwenyekiti anaangalia saa. Tumeona tujibu swali lililozuka katika kikao chetu cha wiki. Mwenzetu mmoja ana binti Marekani, kazi yake kutunza wazee majumbani. Binti alimsimulia mama yake kwamba mzee na mkewe anaowahudumia, wote walimu wastaafu, wameandika wasia: sehemu ya mali yao iende kwa chama cha kutetea sayansi. Kikao kizima kilicheka. Mtu akauliza, "Kwani hao hawana ndugu?"

Wanao. Wana watoto wawili, na wajukuu. Ndiyo maana tukalichunguza jambo hili.

Kwanza tuelewane: chama cha namna hii si maabara, wala hakigundui dawa. Kazi yake ni kuwaeleza wananchi na kuwabana wabunge wawasikilize wataalamu juu ya chanjo, hewa, silaha za nyuklia na mengineyo. Kimojawapo ni Union of Concerned Scientists, kilichoanzishwa mwaka 1969 na wanasayansi na wanafunzi wa chuo cha MIT. Michango ya watu ndiyo nguzo ya vyama hivi, na wasia ni mchango wa mwisho.

Wapo wanaosema ni kukimbia kodi tu. Kwa matajiri wakubwa huenda, lakini kodi ya mirathi ya serikali kuu ya Marekani huanzia kwenye mamilioni ya dola, haimfikii mwalimu. Kinachomgusa mwalimu ni akiba yake ya uzeeni. Mtoto akiirithi, mara nyingi hukatwa kodi ya mapato. Chama cha hisani hakikatwi. Hivyo wengine huwaachia watoto nyumba, na chama wakakiachia sehemu ya akiba. Kwa akiba hiyo si lazima kwenda kwa mwanasheria: unajaza jina la mrithi kwenye fomu, basi. Ukighairi, unabadilisha. Na ungali hai hupungukiwi hata senti, jambo kubwa kwa mzee asiyejua ataugua miaka mingapi. Kwa kawaida wa kwanza akifa mali humwendea mwenzake. Chama husubiri hadi wa pili.

Lakini fomu haisemi yaliyo moyoni. Wazee hawa walikuwa watoto wakati wa polio. Mwaka 1952 pekee Marekani ilipata wagonjwa zaidi ya 57,000. Januari 1950, katika mji wa Phoenix, Arizona, akina mama walipita nyumba kwa nyumba usiku, wakibisha hodi pale taa ya barazani ilipowashwa, wakikusanya fedha za kupambana na ugonjwa huo. Akina mama, jamani, na visenti vyao, kama sisi na sanduku letu! Michango ya namna hiyo ndiyo iliyogharimia utafiti wa Dakta Jonas Salk. Mwaka 1954 watoto kama milioni 1.8 walishiriki katika majaribio ya chanjo yake, na tarehe 12 Aprili 1955 ikatangazwa kuwa ni salama na inafaa. Yule mzee alikuwa darasa la pili. Anasema mkono anaukumbuka hadi leo.

Basi kwa nini asiwape watafiti wenyewe? Hapo mkewe ndiye aliyejibu, kwa mfano wa petroli. Mwanasayansi Clair Patterson alionya tangu mwaka 1965 kwamba madini ya risasi yanayotoka kwenye petroli yanaingia miilini mwa watu. Marekani ilikuja kuyapiga marufuku kabisa kwa magari ya barabarani mwaka 1996. Huku kwetu, nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001, na zikamaliza mwanzoni mwa 2006. Wanetu waliozaliwa kabla ya hapo walivuta moshi ule pale stendi. Ujuzi ulikuwepo miaka yote hiyo. Waliokosekana ni watu wa kuusemea, na kusemea nako kunataka nauli, karatasi na mishahara.

Hatuji hapa kuwaambia muache nyumba kwa wanasayansi. Wenzetu Waislamu wanajua wasia kwa asiye mrithi hauvuki thuluthi, na wengine tuna wakwe wenye maneno. Kilichotugusa ni kwamba wale wawili walikaa na watoto wao mezani, wakawaambia. Mmoja alinuna, yasemekana, lakini alinuna wazazi wakiwa hai, akajibiwa.

Sisi je? Mwaka juzi tulimzika mwenzetu. Kitabu chake kilikuwa na hisa zote, hajakosa wiki. Nafasi ya mrithi ilikuwa tupu. Miezi minane shemeji na watoto walivutana mbele ya kamati, binti yake akasimama shule muhula mzima, na fedha za mama yake zimo sandukuni tunaziona. Kosa lilikuwa letu. Fomu tuliipokea hivyo hivyo.

Juzi tulizipitia fomu zote 34. Nafasi 9 bado ni tupu, na mbili kati ya hizo ni za wanakamati. Chakula kitatolewa baada ya robo saa. Katibu yuko pale chini ya mwembe, ana fomu na kalamu mbili.