Maradhi ya Akili Katika Nyumba Zetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya Wazee na Wanachama katika Mkutano wa Mwaka



Katika hesabu ya mfuko wetu mmesikia fedha za mazishi na za karo. Mgonjwa wa akili hakutajwa hata mara moja. Je, hatunao? Tunao. Tulipowazuru wanachama tulimkuta kijana amefungwa kamba chini ya mwembe, hali mama yake alikwisha kutuambia kwamba mwanawe yuko Mombasa. Hatukumlaumu mama yule. Aliogopa vinywa vyetu.

Yafaa tufahamu haya. Mtu asikiaye sauti zisizokuwapo, mzazi aliaye kila siku asimtake mtoto wake mchanga, mzee aliyeacha kula na kusema tangu ng'ombe wake walipokufa kwa ukame: hao ni wagonjwa, si wavivu wala hawakulaaniwa. Kifafa nacho ni ugonjwa wa ubongo, wala hakiambukizi kwa mate. Na apayukaye ghafla akiwa na homa, huenda malaria imempanda kichwani. Apelekwe hospitali siku ile ile.

Zamani njia ilikuwa moja, nayo ni Mathari, Nairobi, iliyofanywa nyumba ya wenye wazimu mwaka 1910. Wengi waliogopa hata jina lake. Siku hizi njia zimeongezeka. Huko Makueni, katika miaka ya 2010, Profesa David Ndetei na wenzake waliwakutanisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na matabibu, wakawafundisha kutambua dalili za huzuni kuu na kumpeleka mgonjwa kwenye matibabu. Mganga hakudharauliwa, wala daktari hakupuuzwa. Sheria nayo imegeuka: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Basi twaomba mambo mawili. Kwanza, mfuko utoe fedha za nauli na dawa kwa mgonjwa wa akili, kama utoavyo za jeneza. Pili, kila mzee awatembelee jirani zake, aulize kwa upole, na asikiayo asiyatangaze. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Tusitawanyike leo kabla ya kupiga kura. Kijana wa mwembe angali akingoja nauli.